Breki za Gari Tuliloachiwa

Mume wetu alipofariki alituachia gari moja, sisi wake zake wawili. Mimi nilikuwa mke mkubwa, nikikaa Tibirinzi na kusomesha skuli. Mwenzangu alikaa kwao Chokocho, akianika dagaa na kuwauza sokoni Chake, hapa Pemba. Mirathi ilipogawiwa, gari likaangukia kwenye mafungu yetu, na hakuna aliyeuliza wanawake wawili wasiozungumza wataligawana vipi. Mimi ndiye niliyejua kuendesha, kwa hiyo siku za skuli lilikuwa langu. Jumamosi nilimfuata Chokocho nikampeleka sokoni na magunia yake. Tukisalimiana, basi. Harufu ya dagaa ilikaa garini mpaka Jumatano.

Lilikuwa gari lililokwisha tumika Japani, la petroli na umeme pamoja. Marehemu alilipenda kwa sababu halinywi mafuta.

Jumamosi moja tulikuwa tukiteremka kilima kuingia Chake. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na king'ora kikalia bila kunyamaza. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe na gari halishiki. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Mwenzangu akaanza kutoa shahada. Nikatia gia kwenye herufi B, ile ya kuteremkia vilima, mwendo ukapungua, nikalipandisha ukingoni kwenye majani. Likasimama limeinama. Gunia moja lilipasuka, tukakaa pale tumejaa dagaa mapajani.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Alhamdulillahi," nikaitikia.

Fundi wa kwanza alisema busta ya breki, kile kifaa kinachoupa mguu nguvu, imekufa pamoja na pampu yake ya umeme, iagizwe mpya. Bei yake ilipita nusu ya thamani ya gari. Wa pili akasema ataukata mfumo wote afunge breki za gari la kawaida. Nikamwambia mimi hupakia watoto wa watu kwenda skuli, siwezi kuwapakia kwenye majaribio. Wazee wa barza yetu waliacha siasa za vyama kwa muda wakahamia kwenye gari letu, na wote wakaafikiana: liuzwe vyuma. Shemeji yangu akaja kunieleza hivyo hivyo.

"Shemeji, gari hilo mzigo. Uzeni, kila mtu ashike chake."

"Likishindikana nitakwambia," nikamjibu. "Bado halijashindikana."

Nilimpata fundi wa tatu, mtu mzima aliyerudi kutoka Unguja na kompyuta yake ya kupimia magari. Huyu hakukimbilia kubadilisha. "Mwalimu, tuanze na vya rahisi," alisema. Akapima betri ndogo, akaangalia mafuta ya breki, fyuzi na nyaya. Vyote vizima. Kisha akaniita nisikilize. Pampu ilivuma, ikanyamaza, na kabla sijameza mate ikavuma tena. "Inavuja kwa ndani, presha haikai. Lakini si lazima mpya. Tafuta ya gari lililogongwa nyuma, mbele kukiwa salama. Usinunue iliyokwisha kufunguliwa. Mwambie muuzaji aliwashe gari, usikilize. Pampu ikinyamaza, hesabu. Usikanyage kitu. Ikirudi kuvuma kabla ya dakika moja, ondoka."

Nikampigia simu mwenzangu kumwambia gharama. Nilitarajia atasema tuuze. Akasema zamu yake ya upatu imefika, atatoa nusu ya gharama.

Nikapanda boti kwenda Unguja. Kwenye uwanja wa magari mabovu muuzaji alinionesha gari la kwanza. Nikahesabu: ishirini na tatu, pampu ikavuma.

"Mama, zote ndivyo zilivyo," akasema.

"Basi nitazisikiliza zote."

La pili lilikuwa limebondeka nyuma kama kopo. Nilihesabu mpaka mia na hamsini, kimya. Nikasimama juani mpaka wakakifungua kifaa kile mbele ya macho yangu, tukaziba matundu yake yasiingie uchafu, nikakifunga kwa kanga mbili na kukipakata mpaka Pemba.

Kukifunga garini ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kutoa upepo kwenye mabomba ndiko kulikohitaji watu watatu: fundi kwenye kompyuta, mmoja ndani akanyage, mmoja chini kwenye gurudumu afungue nati. Mwenzangu alikuwa amekuja kuangalia pesa yake imekwenda wapi. Fundi akampa kiti cha dereva.

"Mie n'kanyage nini? Sijapata kukaa hapa," akasema.

"Hiyo pana," nikamwambia, nikajilaza chini na spana. "Nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie. Usiachie mpaka nikwambie."

Mara ya kwanza aliachia mapema, upepo ukarudi ndani.

"Nimesema usiachie!"

"Basi sema kwa sauti, Bi Mkubwa! Nakusikiaje nawe uko chini ya gari?"

Fundi akajifanya anasoma kompyuta. Tukaanza upya. Kanyaga. Nimeshika. Achia. Nimeachia. Gurudumu kwa gurudumu, mapovu yakitoka kwenye mpira wa kutolea upepo, mpaka mafuta yakaja safi. Tangu tuolewe na mtu mmoja hatukuwa tumesemeshana maneno mengi namna ile.

Fundi alilijaribu kwanza kwenye kiwanja tambarare, kisha kilimani, mara tano. Taa za onyo zilizimika. Mimi nikateremka kilima kile kile nikakanyaga, gari likasimama palepale nilipotaka. Hata hivyo, ilinichukua wiki nyingi kuteremka pale bila kubana pumzi.

Siku ile ya majaribio nilimrudisha Chokocho. Akanizuia nile. Alipika wali na pweza wa nazi, nikala kwake kwa mara ya kwanza. Tulipokuwa tukinawa akasema, "Pedali nimeshaijua. Umebaki usukani."

Nilidhani anatania. Jumamosi iliyofuata alikuwa ananisubiri mlangoni kwake amevaa viatu vya kufunga badala ya ndala za sokoni.