Ng'ombe wa Mahari Alale Peke Yake

Wiki jana niliambiwa kwamba yule mzee muganga wa ng'ombe wa mtaa wa Mudzipela amefariki. Wasomaji wangu mnisamehe: kilichonishika kwanza ni woga, huzuni ikafuata nyuma. Nani sasa atapapasa masikio ya ng'ombe wetu? Mzee huyo, aliyekimbia vita kule Djugu na pompi yake ya dawa ya kupe mgongoni, hakuanzaga na sindano. Alianza na vidole, akitafuta uvimbe chini ya sikio. Baada ya uvimbe huja homa, kisha pumzi nzito na povu puani, na hapo kupe amekwisha kumaliza kazi yake.

Miaka iliyopita wakwe wa Mahagi walituletea ng'ombe wawili, mahari ya dada yangu. Mzee akatuomba tuwafunge mbali na wengine mwezi mzima, awapulizie dawa. Nilikataa mimi, na kichwa changu kigumu. Kwetu ng'ombe wa mahari huingia zizini siku ileile, wageni wakitazama. Kumfunga nje ni kumwambia mkwe ameleta uchafu. Mzee alisema tu, "Mama, kupe haiogopaka bokilo," yaani haimjali mkwe. Tukacheka. Haikupita miezi miwili, zizi la mama yangu likabaki na ng'ombe mmoja, na maziwa yaliyosomesha wadogo zangu yakaishia hapo. Mzee alitusaidia kuzika mizoga bila kunikumbusha neno lolote. Heri angenitukana.

Na leo naogopa zaidi. Vita vimesukuma watu na mifugo pembeni ya mji, ng'ombe wa kila upande wananywa maji pamoja, na wenye vidole kama vya mzee wanakwisha.

Jumamosi wakaja ng'ombe watatu wa mahari ya binti yangu. Wageni wameketi, mlango wa zizi uko wazi, mama yangu ananitazama. Nikawaambia wakwe kwamba ng'ombe hawa watalala kando. Mkubwa wao akasimama, akavaa kofia yake. Nikamwomba anifuate. Kwa ng'ombe wa tatu vidole vyangu vikakuta uvimbe, wa moto. Nikauchukua mkono wa mkwe, nikauweka palepale. Akaupapasa mwenyewe. Kisha akashika kamba, akampeleka yule ng'ombe mbali na zizi.

Wafugaji wenzangu, aibu ya mbele ya wakwe iliisha kabla chakula hakijapoa. Zizi la mama, hata leo, halijajaa.