Siku Nilipoita Majirani kwa Sauti ya Korti

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nikiwa nimesimama kwenye kiwanja kitupu upande wa Gitothua, pale Ruiru, nikingoja watu ambao hawakuja. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto wa kunyonya. Nilivaa suti ya kaki iliyopigwa pasi na viatu vyeusi vya kung'aa. Nimeishi sana na nimeogopa mengi, lakini hofu ya kusimama kwenu ukakuta hakuna anayetaka kukujua, hiyo sikuombei uionje.

Nakusimulia haya kwa sababu nimekutazama tangu walipokutoa kwenye kile cheo chako kikubwa. Juzi mgeni wangu alikuuliza wewe ni nani, ukamjibu ulikuwa nani. Nilisikia, nikanyamaza, maana mkubwa hamkosoi kijana mbele ya mgeni. Leo tuko wawili, keti.

Mimi nilikuwa mkalimani wa korti kule Thika. Korti yenyewe siitaji, na hakimu simtaji, wote wamekwisha kwenda. Hakimu alisema Kiingereza, mimi nikakigeuza Kikuyu. Mshtakiwa akajibu, nami nikamgeuzia hakimu. Ilikuwa miaka ya Emajensi, Waingereza wakiwasaka Mau Mau msituni, na korti haikukosa watu. Mtu alipofungwa, aliyehukumu ni hakimu, lakini yule mtu na mkewe na mama yake hawakujua Kiingereza. Sauti waliyoisikia ikitamka kifungo ilikuwa yangu. Sikupindisha neno hata moja, jambo hilo naweza kuliapia, lakini watu hawakumbuki aliyetunga maneno, wanakumbuka kinywa yalikotoka.

Nilipopita njiani wazee walivua kofia. Wenye maduka walinitolea kiti. Hakuna aliyeniita kwa jina nililopewa na wazazi, ila Mkalimani, Mkalimani. Hata Mama Njeri, mke wangu, aliniita hivyo mbele ya wageni kwa kunidhihaki, nami kwa ujinga wangu nikadhani ananisifu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini aliyeivaa huwa wa mwisho kuhisi baridi.

Basi kukatokea mtu akanong'ona kwamba nimekula kiapo cha watu wa msituni. Sikuwa nimekula, lakini siku hizo neno dogo lilitosha. Niliambiwa nirudishe beji, pasi ya kazi na ufunguo wa nyumba ya serikali kabla jua halijatua. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwamba sikupakiwa kwenye lori la wafungwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafao yangu.

Tukarudi kwetu Gitothua na godoro, sufuria na mtoto. Kwetu penyewe hapakuwapo tena. Nyumba za zamani zilikuwa zimechomwa kwa amri, watu wote wamekusanywa kwenye kijiji kipya chenye handaki la mianzi iliyochongwa, na mnara wa hom-gadi, wale walinzi wa serikali, juu yake. Hedimani, ndiye aliyesimamia kijiji, alinionyesha kiwanja, akanipa na onyo. Kufikia mwisho wa mwezi kila mtu awe na nyumba iliyoezekwa. Mwanamume asiye na kazi wala nyumba atahesabiwa mzururaji, na mzururaji wa Kikuyu alijulikana anakopelekwa: kambini. Wengine walikwenda huko hatukuwaona tena. Tangu siku hiyo kila nilipomsikia mtu akikohoa karibu, mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta pasi ambayo sikuwa nayo.

Sasa, mwanangu, kwetu mtu hajijengei peke yake. Kuna ngwatio, leo kwako, kesho kwangu. Wanaume wanakata miti na kuezeka, wanawake wanaleta nyasi, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo, moto uwashwe ndani yake kabla ya giza. Nyumba ikilala bila moto ni mkosi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hayo yote niliyajua. Lakini miaka yote ya Thika, nilipoitwa kwenye ngwatio nilituma neno kwamba korti imenishika.

Basi nikafanya lile ambalo mtu wa kazi yangu tu ndiye angelifanya. Nilimwita hom-gadi mmoja tuliyezoeana, nikamtuma apite mlango kwa mlango atangaze: mkalimani wa korti anawataka watu wa safu hii wote wafike kwake asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyojua watu huitwa. Nikavaa suti yangu, nikasimama, nikangoja.

Milango yote ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na moshi wala sauti ya mtoto. Nilidhani wamekubaliana kuniua, na nilitazama kila upande nione watatokea wapi.

Aliyetokea ni Mzee Gathogo, rika moja na marehemu baba, anakuja polepole na fimbo yake. Hakunisalimia.

"Atiriri, hebu nisikie, mwana wa Kariuki," akasema. "Hawa watu unangoja wamejificha kwa kahawa. Kina mama wengine wamekimbia na watoto mpaka mtoni."

"Wananikimbia kwa nini, Baba? Mimi nataka kujengewa nyumba tu."

"Unaniuliza kwa nini? Hom-gadi amepiga mlango akisema korti inakutaka. Siku hizi mtu akitakwa na korti, huwa anarudi?"

Nikainamisha kichwa. Kumbe asubuhi hiyo yote nilikuwa nikiwaogopa watu ambao walikuwa wamelala kifudifudi chini ya mibuni wakiniogopa mimi.

"Korti haijengewi nyumba," Mzee akaendelea. "Korti iko na yake, ya mawe, huko Thika. Hapa ni nani anataka nyumba?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Mwanangu, neno lililonijia ulimini lilikuwa lile lile, Mkalimani, na nyuma yake sikuona kitu. Kinywa kilichosemea watu wengi vile hakikuwa na la kusema juu ya mwenyewe. Niliogopa pale kuliko nilivyouogopa mnara.

Mama Njeri, aliyekuwa ameketi juu ya godoro na mtoto, akadakia, "Mwambie, Mzee. Mimi sikuolewa na korti. Niliolewa na Mwaura."

Mzee Gathogo akacheka kidogo, kisha akaacha. "Vua hivyo viatu. Watu wanajenga kila siku wakitoka kwa kazi ya lazima. Enda ubebe miti yao, na ukiwa huko nyamaza. Hiyo sauti yako ndiyo inawatisha. Wakishazoea mgongo wako, ndio uwapelekee sauti."

Nikaenda. Nilipofika kwenye ngwatio ya kwanza mazungumzo yalikatika, na mtu mmoja akashika panga lake vizuri zaidi. Nilibeba mti, nikaweka, nikarudi kuchukua mwingine. Mikono yangu ya karani ilichubuka mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Hakuna aliyenishukuru wala kunifukuza. Kila jioni nilirudi nikamkuta Mama Njeri chini ya turubai la kuazima, nikalala nikijua mwezi unakwisha.

Nyumba niliyoihofia zaidi ilikuwa ya Mama Kamau, na kiwanja chake kilitazamana na changu. Mume wake alikuwa amepita mbele ya hakimu yule, na mimi ndiye niliyemtamkia kwamba atapelekwa mbali. Mama Kamau alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele siku hiyo. Hakulia. Alinitazama mdomo, si macho, mdomo, mpaka nikamaliza. Siku ya kumjengea nilitaka kujifanya mgonjwa. Mzee Gathogo akanitazama tu, nikainuka. Nilikanyaga udongo wa ukuta wake tangu adhuhuri, naye akaja mara kwa mara kuumwagia maji miguuni pangu. Kila alipoinamisha debe lake nilidhani ndiyo mara ya mwisho ya kunivumilia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku zilipobaki chache, Mzee akaniambia sasa nenda ukaombe. Nilikwenda mlango kwa mlango bila viatu. "Mimi ni Mwaura wa Kariuki," nilisema. "Naomba mnisaidie kuezeka." Basi. Mlango wa kwanza mama wa nyumba aliposikia sauti aliangusha mwiko, maana aliijua. Nilirudia taratibu, jina langu na la baba yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi jina hilo linavyotoka kwa shida kwa mtu aliyeliacha. Wengine waliitikia "tutaona", na tutaona kwetu si ndiyo. Kwa Mama Kamau nilisema yale yale, naye akafunga mlango kabla sijamaliza jina la baba.

Siku ya mwisho ikafika. Nilikuwa nimechimba mashimo na kusimamisha nguzo nilizoweza, na nyasi hakuna hata unyasi. Hom-gadi walikuwa wanapita wakihesabu paa, na mmoja akanionyesha jua kwa kidole akitabasamu. Mama Njeri alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye kanga, nami sikumwuliza kwa nini. Nilijua anajiandaa kubaki peke yake.

Ndipo nikaona mzigo wa nyasi unakuja, mkubwa, umemfunika aliyeubeba. Ukatupwa chini mbele yangu. Aliyekuwa chini yake ni Mama Kamau. Hakunitazama, aligeuka kwenda kuleta mwingine. Baada yake wakaanza kutoka, mmoja hapa, wawili kule, wanaume na kamba, wanawake na nyasi, wala hakuna aliyesema amekuja kwa sababu gani. Mtu akiona aliyeumizwa ametangulia, yeye abaki nyuma kwa uchungu gani?

Jua likielekea kuzama paa lilikuwa limekamilika. Nikatoa kibiriti mfukoni. Mzee Gathogo akanishika mkono.

"Nyumba haiwashwi na kibiriti cha duka. Moto wa nyumba mpya unatoka kwa ile ya zamani."

"Yangu ya zamani ilikuwa ya serikali, Baba."

"Basi jirani akugawie wake."

Watu wakatazama miguu yao. Kubeba nyasi ni kazi, mtu anaweza kuifanya akiwa amekasirika. Kugawa moto wa jiko lako ni kusema huyu ni wetu, na akisakwa tutasakwa naye. Filimbi ya kafyu, ya kufungia watu ndani usiku, ilikuwa karibu kulia. Niliona mmoja anarudi nyuma taratibu, kisha mwingine.

Mama Kamau akaondoka. Nilidhani naye amekwenda kufunga mlango. Akarudi na kaa la moto juu ya kigae, akapita katikati yetu, akaingia nyumbani mwangu kabla yangu, akaliweka kati ya mafiga, akalipuliza mpaka likashika. Nilipiga magoti nimshukuru. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Usinishukuru, Mwaura," akasema. "Mimi bado ninakuogopa. Lakini mtu unamwogopa, ni afadhali ujue analala wapi."

Akatoka, filimbi ikalia. Nilikaa mbele ya moto ule nikiuongezea kuni. Nilikuwa nimeitwa jina langu na mtu aliyekuwa na haki ya kuniita lolote.

Hakunisamehe siku hiyo, wala sikumwomba. Miaka baadaye mume wake aliporudi kutoka kambini, amekonda, hana meno ya mbele, ni mimi niliyemshika mkono kumwonyesha nyumba, kwa kuwa kijiji hakukijua. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia Mwaura wa Kariuki, jirani yako. Alinitazama mdomo kwa muda mrefu, kama mkewe, kisha akaniambia tuendelee kutembea.

Mwanangu, cheo ni dhamana, na dhamana ina mwenyewe. Wenyewe wamekuja kuchukua chao, wewe usiende kukaa mlangoni pao. Kesho acha tai nyumbani. Nenda kwa watu ambao ulikuwa huna nafasi nao, uwashikie kazi yao kabla hujawaambia shida yako. Wengine watakufungia mlango, na hofu utakayoihisi ni ya haki, usiikimbie. Wako waliomeza machungu kwa sababu ya cheo chako hata kama hukupindisha neno. Usiwadai msamaha. Jenga karibu nao tu, watajua unalala wapi. Na mgeni akikuuliza tena wewe ni nani, mwambie jina ulilopewa na wazazi wako na mahali nyumba yako ilipo.

Haya, fungua viganja nikutemee mate ya baraka, usione kinyaa, ni dawa ya zamani kuliko hospitali. Jina lako lisikuponyoke. Usikose mtu wa kukubebea nyasi, wala wa kukugawia moto. Thaai, mwanangu, thaathaiya Ngai, tumsihi Mungu, amani iwe juu yako.