Sauti ya Kiume ya Lokole

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kufukuzwa kwa sababu ya usafi. Nilipewa sanduku la picha za zamani katika ofisi ya nyaraka, komini (wilaya) moja ya jiji la Kisangani, na kwa kuwa kwetu vumbi ni aibu ya mwenye nyumba, nikalowesha kitambaa nikaanza kupangusa. Mkuu wa Ofisi, bwana mrefu aliyevaa tai hata kwenye joto kali, akanishika mkono. Nyuma ya picha palikuwa na majina ya waliopigwa picha, kwa penseli, nami nilikwisha kufuta mawili.

"Zaituni, sikia muzuri," alisema. "Hapa hatufute kitu tusichojua. Uchafu pia iko document."

Niliitikia, lakini moyoni nilicheka. Nilikuwa kijana, na kijana huona kila onyo ni uzee wa anayelitoa.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kupiga picha karatasi zilizobandikwa majani makavu. Msimamizi wa Maabara alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha skana, na akanifundisha kwamba kila faili lazima liwe na maelezo yake: kitu ni nini, kimetoka wapi, nani amekigusa na amekifanya nini. Faili lisilo na maelezo, alisema, ni mgeni asiye na kwao.

Niliporudi Kisangani nikakabidhiwa kanda za sauti. Kazi tuliiita numérisation, yaani kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda ya sumaku hadi kwenye kompyuta. Unyevu wa mto hufanya kanda zinate, kwa hiyo kwanza unazitia katika kisanduku chenye joto dogo kwa saa nyingi. Halafu unapiga mara moja, pengine mara mbili, kabla unga wa kahawia unaobeba sauti haujabanduka. Sheria ya fundi ni kurekodi kwanza kila kitu kilichomo, pamoja na kelele, kisha kusafisha nakala. Niliijua sheria hiyo kama ninavyoijua Fatiha.

Siku moja Mkurugenzi wetu wa wakati huo akaingia ana haraka. "Mama Zaituni, wageni wanakuja. Nataka son propre, sauti safi, umesikia? Propre!"

Nikachagua kanda ya lokole iliyorekodiwa Yanonge, kando ya mto. Lokole si ngoma ya ngozi. Ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili. Mmoja hutoa sauti nyembamba, wanayoiita ya kike, na mwingine sauti nzito, ya kiume, na kwa sauti hizo mbili watu wa mto walikuwa wakipelekeana habari kijiji hadi kijiji. Mimi ni mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini. Wakati huo lokole nilikuwa naisikia tu, bila kujua kwamba ina sauti mbili. Chini ya ile sauti nyembamba nilisikia mngurumo, nikaamini ni jenereta. Nikaweka kichujio cha kuondoa mngurumo kabla ya kurekodi. Sauti ikatoka safi, unga wa kahawia ukabaki mezani, kanda isipigike tena, na wageni wakapiga makofi.

Aliyekuja baadaye hakupiga makofi. Papa Lotika, baharia mstaafu wa Yanonge, alisikia kwamba kanda imepatikana. Mpigaji alikuwa baba yake, naye alipiga majina saba ya familia, la mwisho likiwa lake mwenyewe. Jina la lokole ni refu: linamtaja mtu, baba yake na ukoo wa mama yake. Papa Lotika alikuwa amekaa botini miaka mingi mno, amelisahau. Sasa mjukuu alikuwa amezaliwa, na alitaka kumrithisha.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, akavua vipokea sauti vya masikioni.

"Mama, hii lokole iko mwanamuke tu. Mwanaume alienda wapi?"

"Papa, nilitosha kelele ya groupe," nikasema, yaani niliondoa ile ya jenereta.

"Ile haiko groupe," akasema polepole. "Ile iko papa yangu."

Majuto ni mjukuu, husemwa, na safari hii mjukuu alikuwepo kweli, akisubiri jina. Niliona haya kupita siku zote za maisha yangu. Mkurugenzi akanishauri niandike kwamba kanda ilikuwa mbovu. Badala yake nilipanda mtumbwi wa moteri pamoja na Papa Lotika, na kompyuta na kipaza sauti nimevipakata.

Yanonge wazee watatu walikaa na lokole zao. Nilipiga sauti ya kike kutoka kwenye kompyuta, nao wakajaza ya kiume kwa kumbukumbu, wakibishana, wakinirudisha nyuma tena na tena. Majina sita ya familia yakarudi. La saba, la baba yake Papa Lotika, likaenda vizuri hadi lilipofika kwa ukoo wa mama. Bibi huyo, mama wa mpigaji, alitoka upande wa Isangi, na waliojua walikwisha kufa. Wakajaribu hadi betri ikaisha.

"Bon, inatosha," akasema Papa Lotika. "Mutoto atapata nusu."

Katika maelezo ya faili niliandika: sauti ya kiume ilifutwa na Zaituni, fundi, kwa kutojua. Imerudishwa na wazee wa Yanonge, jina la saba halikukamilika. Mkurugenzi aliagiza sentensi ya kwanza iondolewe. Nikamjibu kwamba hapa hatufuti. Ipo hadi leo.

Vijana huniuliza kama mashine zitatunza urithi wetu sote. Mashine hutunza ilichopewa. Mimi niliipa nusu, na nusu nyingine niliikuta kwa watu ambao sikuwahi kudhani ni wangu.

Siku ya kustaafu kwangu Papa Lotika alikuja na lokole, akapiga uani kwa ofisi. Nikamwomba afasiri.

"Tumekupa jina. Inasema: mwanamuke aliyepoteza bwana ya lokole, akapanda mutumbwi kumutafuta, mutoto ya Ramazani, mama yake wa Kabondo."

Watu wote wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikalia. Fundi aliyeshika nafasi yangu alikuwa anarekodi, na pikipiki zilikuwa zinapita barabarani. Akauliza kama aweke kichujio.

Nikamshika mkono.