Mwalimu Aliyeingia Bila Hodi

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, dukani kwangu Kitale. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani. Kule Kabuchai nilimfungia Mwalimu Nasimiyu wa shule ya sekondari. Ruta niliyomwekea, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ilikuwa na kasoro, na niliijua. Iliuliza neno la siri vizuri kabisa, lakini mtu akiandika moja kwa moja anwani ya ukurasa wa ndani, ilimfungulia bila swali, hata akiwa mbali. Dawa ilikuwepo, programu mpya ya kuweka ndani ya ruta. Sikuiweka. Ningeanzaje kuzunguka nyumba zote nikikiri kwamba niliwauzia kitu kibovu?

Basi mtu akapenya humo, akasambaza mtihani wa shule kabla haujafanywa, kupitia laini ya mwalimu. Kamati ya shule ikasema ni mwalimu aliyeuvujisha. Akanipigia simu akilia.

"Fundi, kuja uwaambie tu hii kitu inafunguka bila password. Si wewe ndio unaijua?"

"Mwalimu, labda ulipatia mtu password," nikamjibu. Niamini, nilijua ninadanganya.

Akafukuzwa kazi. Presha ikampanda, na kabla ya mwezi kuisha tukamzika. Ndiyo, nilikwenda mazishini, na wali nikala.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimejifungia dukani nikipanga nyaya. Komeo nilikuwa nimelitia mwenyewe. Nikainua macho, mwalimu huyo mbele ya kaunta, na gauni lile lile la zambarau tulilomzika nalo, ruta mkononi. Waya wake ulining'inia tu, lakini taa zote zilikuwa zinawaka. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani.

"Umeingiaje?" nikamuuliza.

"Ati nimeingiaje? Si nimepita tu. Hakuna mtu ameniuliza."

Hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa na hasira, tena ya mtu aliyeingojea siku yake kwa hamu.

"Ulisema mlango yangu iko sawa, bana. Sasa na yako itakuwa sawa hivyo hivyo. Hata ulie."

Akaiweka ruta kwenye kaunta, akatoka kupitia mlango ule ule uliofungwa, na komeo halikucheza.

Tangu siku hiyo hakuna mlango wangu unaofungika. Nimebadilisha kufuli, nimeita seremala kutoka Misikhu, nimeweka chuma. Nikigeuka tu, uko wazi. Mke wangu alivumilia wiki tatu, kisha akawachukua watoto akarudi kwao Myanga, na sikuwa na uso wa kumzuia. Nimekwenda mbele ya kamati nikasema ukweli wote. Nimezunguka nyumba zote nikaweka ile programu. Jina la mwalimu limesafishwa, lakini yeye hajanisamehe. Ninalala nimeketi kitini, nikiangalia nje.

Wewe unayejua kwamba nyumba ya mwenzako iko wazi, mwambie leo, hata kama utaaibika. Mwambie wakati bado anakupigia simu. Akiacha kupiga, atakuja mwenyewe.