Mkanda Uliobaki kwenye Usukani

Mwaka 1956, maji ya Ziwa Mweru yalipopungua kabla ya mvua, mwalimu Jairos Chishimba, Mungu ampumzishe, aliwatoa wanafunzi wake darasani akawapeleka ziwani. Mbele ya kijiji cha Nchelenge ilikuwa imelala mashua ya tajiri mmoja wa samaki, iliyozamishwa na dhoruba ikitoka ng'ambo ya Kongo. Aliyeshika usukani siku ile alikuwa Mukuka, mdogo wake Jairos. Mwili wake haukupatikana.

Bila maziko, matanga hayakwisha. Eness, mjane wake, bado alilala chini, na huko sokoni Rodwell, aliyeokoka, alisimulia kwamba Mukuka aliacha usukani akaruka wa kwanza. Tena watu wa tajiri walikuwa njiani na nyaya za chuma, waje kung'oa injini. Wakishaivuta, mashua itasambaratika.

"Kitu kilicho chini kina maneno pale kilipolala," Jairos aliwaambia wanafunzi. "Ukikihamisha kabla ya kukisikiliza, ni chuma chakavu tu."

Walitandaza juu ya maji kamba ya wavu yenye maboya, kutoka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma ya mashua ile. Aliyezama aliibuka na kutaja alichoona na boya lililokuwa juu yake, na Mwaka, msichana mwenye mkono mzuri, akachora kwenye kibao ndani ya mtumbwi. Wanafunzi wakubwa walipiga maji kwa makasia kufukuza mamba, kama wavuvi wanavyofanya kutumpula, kuwasukuma samaki wavuni.

"Ba mwalimu, munatumpula samaki gani?" wavuvi waliwacheka. "Ile ya mbao?"

Jairos alisogeza kamba.

Mwewa, mvulana mpiga mbizi, aliibuka akihema. "Ba mwalimu, kuko mukanda. Ya jeshi, na kifungo ya shaba."

Kijiji kizima hakikuwa na mkanda mwingine wa namna ile. Mukuka alirudi nao kutoka vitani. Eness, aliyekuwa ufukoni, aliingia majini mpaka magotini.

"Mulamu, mutoe. Nizike hata ile," alimwomba shemeji yake.

Jairos alikuwa amekwisha kuvua shati, mkono mmoja ukingoni mwa mtumbwi. Aliinama hivyo kwa muda, midomo ikitembea kama mtu anayesali. Kisha akaketi.

"Iko wapi?"

"Boya ya mwisho. Ku usukani."

"Imefungwa ama imenasa?"

Mwewa alitazama pembeni. "Sikuangalia."

"Rudi uangalie. Usiguse."

Kisha akamtuma Febby, mwanafunzi mwingine ambaye alikuwa mbali na hakusikia neno. Wote wawili walileta habari moja: mkanda umezunguka mti wa usukani, kifungo kimefungwa, ngozi imekatika upande wa nyuma.

"Niandike alijifunga?" Mwaka aliuliza.

"Andika mukanda umefungwa. Yeye hatukumuona."

"Weye uko na roho ya jiwe," Eness alisema kutoka ufukoni. "Ni ndugu yako."

"Ni ndugu yangu, njo maana. Nikiutoa sasa, kesho watasema niliuokota popote. Mwite Rodwell."

Rodwell alikuja akichekelea. "Leo mwalimu anataka kunifundisha kuogelea?"

"Zama uone. Mimi sitasema kitu."

Alizama. Alipoibuka alishika ukingo wa mtumbwi asipande.

"Kulikuwa mawimbi," alisema mwishowe. "Niliona mutu anaruka. Nilisema ni yeye." Akajifuta uso. "Mutu wa kukimbia angefungua."

"Mwambie Eness, si mimi."

Rodwell alitembea hadi ufukoni, akapiga magoti kwenye maji yasiyofika kiunoni, akamwambia mbele ya watoto wote. Hapo ndipo Jairos alipozama mwenyewe. Alikawia chini hata makasia yakaanza kusita. Aliibuka na mkanda, ameukumbatia kifuani.

Waliuzika siku ya pili, baada ya sala, watu wa tajiri wakiwa wameshaanza kuvuta nyaya ufukoni. Rodwell ndiye aliyeomba jembe. Alichimba mpaka mmoja wa wazee akamwambia inatosha, huu ni mkanda tu.

"Hapana, bashikulu," alimjibu mzee huyo, akaendelea kuchimba. "Mukuka alikuwa mutu murefu."