Ufunguo wa Friji ya Stoo

Miaka ishirini na miwili nesi huyu alizalisha wanawake katika wodi ile ile ya vitanda vinne na dirisha lisilofunga. Walimwita Mama Mkasi, kwa vitovu alivyokata na kwa ulimi wake. Lakini serikali ilipounda kamati ya kuokoa maisha ya wajawazito, waliitwa mabwana wakubwa, wahasibu, hata mtu wa magari. Yeye alikumbukwa mwisho, kama chumvi watu wakishaanza kula.

Akaenda, sare imenyooka, na neno moja tu kifuani. Sindano za kuzuia damu zilikaa kwenye friji ya stoo. Ufunguo ulining'inia kiunoni kwa mtunza stoo, na mtunza stoo hujiendea kwake saa tisa alasiri, kana kwamba uchungu nao una saa za kazi. Jumapili iliyopita, mchana kweupe, bwana huyo alikuwa harusini. Mama wa watoto watatu akamfia Mama Mkasi mikononi, friji iko hatua arobaini tu.

Mwenyekiti, tumbo likimtangulia, alimpokea mlangoni.

"Aa, dada yetu! Afadhali umekuja. Chai ile pale, hebu tugawie."

Akagawa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawa walijua uchungu wa kiti kigumu. Birika lilipokwisha, akasema:

"Mheshimiwa, ule ufunguo wa friji ukae wodini."

"Hilo dogo, dada. Hapa tunazungumzia sera."

"Dogo? Kwani wewe mama yako alikuzalia kwenye sera?"

Mtu wa magari akapaliwa na chai. Mwenyekiti akajifuta mdomo.

"Basi, tutaunda kamati ndogo ilitazame."

Kamati ikazaa kamati. Hiyo ndiyo mimba pekee waliyoifikisha salama.

Mama Mkasi alirudi wodini, akaokota jiwe linalozuia mlango, akaenda stoo. Mapigo matatu, kufuli la friji likaanguka. Siku ya pili yake, saa kumi jioni, msichana wa kitanda cha tatu alianza kumwaga damu baada ya kujifungua. Sindano ilifika kabla hajamaliza kuita "mama".

Barua ya onyo nayo ikafika: ameharibu mali ya serikali. Akaibandika juu ya friji. Kufuli jipya halijaletwa. Linasubiri kamati ndogo, na kamati ndogo bado haijakaa.