Nilikwenda Ziwani Kulala

Likizo ya katikati ya mwaka huku Mbinga huangukia msimu wa kahawa, na mwaka ule ilinikuta sina hali. Nilikuwa nimetoka kumuuguza mama yangu hospitalini Litembo. Alipopona na kurudi kwake, mimi nikarudi kwangu nikakuta kahawa zimeiva mpaka zinapukutika. Nikawa nachuma asubuhi, namenya na kuosha mchana, jioni napika. Mimi ni mwalimu. Walimu wenzangu walipotakiana likizo njema, niliitikia tu.

Mume wangu ni Mnyasa, mtu wa Ziwa Nyasa, kwao Mbamba Bay. Jioni moja alisema, "Twende ziwani kwa mama. Watoto wakaogelee, nawe upumzike."

"Nimechoka, baba. Safari siiwezi."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Basi nikajiandaa kupumzika. Nilifua nguo za watu wanne, nikachambua maharage ya kumpelekea mama mkwe, nikachemsha mihogo ya njiani, nikamwomba mdogo wangu aje kugeuza kahawa iliyokuwa ikikauka vichanjani. Tulipoondoka nilikuwa tayari naumwa kiuno.

Barabara ile siku hizi ina lami, lakini kona hazijapunguzwa. Milima inashuka hadi chini, mashamba ya ngoro yamechimbwa vishimo vishimo kwenye miteremko kama sega la nyuki, na gari linazunguka kushoto, linazunguka kulia. Mtoto wetu mdogo alianza kutapika kabla hatujafika mbali. Dada yake, kwa kumwona, naye akatapika. Nilikaa nyuma katikati yao, nimeshika mfuko huku na kanga huku, nikifuta midomo, viti, magoti yangu. Pale kijijini Tingi breki zilinuka kuungua, tukasimama zipoe. Mume wangu akashuka kujinyoosha na kusifia hewa. Mimi niliwaosha watoto kwa maji ya kunywa.

Baadaye, kwenye kona moja, binti yangu akapiga kelele, "Mama, ziwa! Ona ziwa!"

"Nimeliona," nilisema. Nilikuwa nimeinama natafuta kiatu cha mdogo wake chini ya kiti.

Mama mkwe alitupokea uani, mikono ina magamba ya samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama, hakuniachia mkono. "Una nini?"

"Sina kitu, mama. Safari tu."

Niliketi kwenye mkeka barazani nivue viatu, kisha niingie jikoni kumsaidia kama inavyompasa mkamwana. Kiatu kimoja nakumbuka nilikivua.

Nilipofumbua macho nilikuwa ndani, juu ya kitanda, na mwanga wa mlangoni ulikuwa wa mchana wa siku nyingine. Nikaitambua kanga iliyotundikwa ukutani. Kilikuwa kitanda cha mama mkwe. Kwetu jambo kama hilo halisemeki hata kwa utani. Nilitaka kuruka nitoke, lakini miguu haikunisikia. Nje nikasikia sauti ya mume wangu.

"Mama, niache nimwamshe. Tumekuja kutembea naye."

"Tembea na wanao. Na lile gari linanuka matapishi, umeliosha?"

"Bado."

"Ndoo ile pale."

Nikalala tena. Niliamshwa kula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, nikala nimefumba macho nusu, nikalala. Watoto waliingia wananuka maji ya ziwa, wakanisimulia habari ambazo sikuzishika, wakatolewa nje. Likizo yetu ilikwenda hivyo. Sikuoga ziwani hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka niliweza kusimama. Nilimkuta mama mkwe ufukweni anaanika usipa, nikapiga magoti kwenye mchanga.

"Mama, unisamehe. Nimekuja kwako nikalala kama mgonjwa, tena kitandani kwako."

"Inuka, utalowa." Aliendelea kutandaza samaki. "Mimi nilipoolewa hapa nilikuwa naaga naenda kuni, halafu nalala huko huko porini. Nikirudi na vijiti vitatu naitwa mvivu. Nilikuwa na mimba ya mumeo. Hakuna aliyeniuliza."

 Nikachota usipa kwenye beseni nikaanika pamoja naye, naye hakunikataza.

Wakati wa kupanda milima nilikaa mbele. Watoto walikaa nyuma na mfuko wao, na baba yao alisimama kila walipomwita, akashuka, akafuta. Baada ya Tingi aliniuliza, bila kuondoa macho barabarani:

"Kumbe ulikuwa umechoka kiasi hicho. Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Alibadilisha gia. Tulipita kona kadhaa, watoto wamepitiwa na usingizi.

"Kweli," alisema mwishowe. "Ulisema."

Nyumbani mdogo wangu alikuwa amefunika kahawa kwa turubai, mawingu yalikuwa yametanda. Uchovu wangu haukuwa umekwisha. Ulikuwa umepungua tu, kama mzigo ulioshushwa begani ukashikwa mkononi. Mume wangu alipitiliza jikoni na mfuko wa usipa tuliopewa na mama yake. Nikamsikia anamwuliza binti yetu chumvi inakaa wapi.